Ombi Likikataliwa, Liko Mikononi mwa Nani?

Mshauri,

Nina mwaka mmoja na nusu kazini. Kampuni yetu hapa Arusha inatengeneza mashine za kuhifadhia picha za kamera za ulinzi. Ndani ya mashine kuna Linux, kerneli 4.19, na juu yake moduli yetu wenyewe inayopokea maombi ya kusoma na kuandika kabla hayajafika kwenye diski. Moduli hiyo ina foleni. Maombi yanayogusa sehemu za diski zinazopakana inayaunganisha yawe ombi moja kubwa, kisha inayapeleka kwa draiva.

Wiki iliyopita kaka anayeniongoza, aliyenipokea nikiwa sijui hata kukompaili kerneli, aliandika kiraka cha mistari 38. Kinasema hivi: ombi likija na kifaa hakina kazi, lisikae kwenye foleni, lipelekwe moja kwa moja kwa draiva. Draiva ikijibu kwamba kifaa kimejaa, ombi lirudishwe kwenye foleni lisubiri zamu. Amepima, kasi imepanda, na ofisi nzima imefurahi.

Mimi ndiye niliyepewa kukihakiki. Nimekisoma mara nne. Kila mstari ninauelewa na sioni kosa, lakini roho haijatulia na siwezi kusema ni kwa nini. Anataka niweke jina langu Ijumaa. Nikikataa bila sababu nitaonekana ninajifanya kujua kuliko yeye. Nikikubali, nitakuwa nimeahidi nini hasa? Mtu anahakiki vipi msimbo wa mtu aliyemfundisha kazi?

Mhakiki Mpya, Arusha

Mdogo wangu,

Usiweke jina lako kabla hujapata jibu la swali moja ambalo barua yako imelizunguka bila kulitaja: ombi lililopelekwa kwa draiva likakataliwa, linarudi kwenye foleni likiwa vilevile kama lilivyoondoka? Umeusoma mstari wa "lirudishwe kwenye foleni" ukauona mwepesi, ukapita. Katika kazi ya maombi ya diski huo ndio mstari mzito kuliko yote 38, na nadhani moyo wako umeshaujua uzito wake kabla akili haijaupatia maneno.

Kwanza nimtetee kaka yako, maana anachokitafuta ni halali. Foleni ya maombi ilizaliwa enzi za diski zinazozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inachukua milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kipande unachokitaka kikishapita chini ya kichwa cha kusomea, unakisubiri kizunguke kirudi, na kichwa chenyewe kina muda wake wa kuhama. Ndiyo maana ilikuwa busara kuyakusanya maombi, kuyapanga kwa mfuatano wa mahali yanapokwenda, na kuyaunganisha yanayopakana. Muda ambao prosesa iliutumia kupanga haukuwa kitu mbele ya muda wa chuma kuzunguka.

Diski za SSD zikaigeuza hesabu hiyo. Hazina kinachozunguka, na foleni iliyokuwa msaada ikawa ndiyo kikwazo, kwa sababu prosesa zote za mashine zilikuwa zikigombea kufuli moja. Mwaka 2013 Matias Bjørling, Jens Axboe, David Nellans na Philippe Bonnet walichapisha utafiti ulioeleza tatizo hilo na kupendekeza muundo wa foleni nyingi. Muundo huo, blk-mq, uliingia katika Linux 3.13 mwanzoni mwa 2014, na njia ya zamani ikafutwa kabisa katika toleo 5.0 mwaka 2019. Tazama pia vifaa vyenyewe: diski ya SATA kwa njia ya AHCI ina foleni moja yenye nafasi 32, ilhali kanuni za NVMe zinaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Mtu anayeipenda kazi yake akiona hivyo lazima atamani ombi lisisimame popote njiani. Kaka yako amefikiri vizuri.

Lakini wazo hilohilo lilikwishapitishwa na Linux yenyewe, tena katika hiyo 4.19 mnayoitumia, na nataka ukijue kisa chake kwa undani kwa sababu ndicho kitakachokupa maneno ya kumwambia.

Linux 4.19 ilitoka Oktoba 2018. Mojawapo ya mabadiliko yake madogo lilisema: pale ambapo hakuna mpangaji wa foleni aliyewekwa, na foleni ya kifaa haina shughuli, ombi lipelekwe moja kwa moja. Kifaa kikisema kimejaa, lirudi kupangwa kama kawaida. Novemba watu wakaanza kuripoti faili zilizoharibika. Mfumo wa faili wa ext4 ulikuwa ukilalamika kwamba kilichosomwa kutoka kwenye diski hakieleweki, na kwa kuwa ext4 ndiyo iliyopiga kelele, wengi wakaishuku yenyewe. Theodore Ts'o, anayeisimamia ext4, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kulitafuta kosa. Halikuwako kwake. Lilikuwa chini, kwenye njia ya maombi, na Jens Axboe alilitolea tiba mwanzoni mwa Desemba.

Kilichotokea ni hiki. Ombi linapokwenda kwa kifaa cha SCSI (na katika Linux hata diski za SATA hupitia tabaka hilo), tabaka la SCSI huandaa amri. Miongoni mwa maandalizi ni jedwali linaloonyesha data itachukuliwa au itawekwa katika vipande vipi vya kumbukumbu ya mashine. Maandalizi hayo yanaweza kukamilika kabla kifaa hakijajibu kwamba kimejaa. Hivyo ombi linarudi kwenye foleni likiwa na jedwali lake mgongoni. Likiwa pale, linakuja ombi jingine linalopakana nalo, na msimbo wa kuunganisha unafanya kazi yake ya siku zote: unayafanya mawili kuwa moja. Ombi sasa ni kubwa, jedwali bado ni la lile dogo.

Nenda kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni yoyote ya mabasi uone jambo hili kwa macho. Karani anapokea magunia 10 ya mchele, anaandika hati ya mzigo: magunia 10. Basi la jioni limejaa, mzigo unarudishwa stoo na hati yake. Usiku mwenye mzigo analeta magunia 5 zaidi, yanakwenda kwa mpokeaji yuleyule, mtunza stoo anayaweka pamoja na kuandika kwenye daftari lake kwamba mzigo ule sasa ni magunia 15. Hakuna aliyeifuta hati ya kwanza. Asubuhi utingo anasoma hati, anapakia 10, basi linaondoka. Linapofika, mzigo mzima wa 15 unawekewa alama kwamba umefika salama. Magunia 5 yamebaki stoo na kwenye vitabu hayapo.

Kwenye kusoma, maana yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya kumbukumbu haikujazwa na diski. Imebaki na takataka zilizokuwamo, na mfumo wa faili unazipokea kama data halali. Ukiziamini na kuziandika tena, uharibifu unahamia kwenye diski na kukaa. Kwenye kuandika, sehemu ya mwisho haikuandikwa kamwe, na aliyeiomba ameambiwa imeandikwa. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Kifaa kimetenda sawasawa na kilivyoagizwa.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome tena. "Kila mstari ninauelewa na sioni kosa." Ungesoma lile badiliko la 2018 ungesema hivyohivyo, na ungekuwa umesema kweli. Mstari wa kupeleka moja kwa moja ulikuwa sahihi. Mstari wa kurudisha kwenye foleni ulikuwa sahihi. Msimbo wa kuunganisha, ambao haukuguswa, ulikuwa sahihi pia, ila ulikuwa umejengwa juu ya imani kwamba ombi lililomo kwenye foleni hakuna aliyekwisha kuliandaa kwa safari. Badiliko jipya liliivunja imani hiyo bila kugusa mstari hata mmoja wa msimbo ulioitegemea. Kosa lilikaa katikati, na katikati hapaonekani kwenye orodha ya mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa. Unaweza kuisoma orodha hiyo mara nne, hata mara arobaini.

Kwa hiyo iweke kando. Chukua karatasi, uchore maisha ya ombi moja tangu moduli yenu inapolipokea hadi linapotangazwa kwisha. Kila hatua andika mambo mawili: nani amelishika, na nani ana ruhusa ya kulibadilisha. Hatua ya kwanza ya mchoro huo itakupeleka kwenye mistari ambayo kaka yako hakuiandika, kwenye draiva na kwenye msimbo wa kuunganisha, na huko ndiko uhakiki wa kazi hii unakofanyika. Mimi nikihakiki kiraka cha namna hii, muda mwingi zaidi ninautumia kusoma nje ya kiraka.

Ukifika pale ombi linapokabidhiwa kwa draiva, simama. Kuanzia hapo si lenu tena. Diski ya kasi inaweza kulimaliza, prosesa nyingine ikapokea taarifa, ombi likafutwa na kumbukumbu yake ikapewa mwingine, yote hayo kabla ile funksheni ya kukabidhi mliyoiita haijarudi kwenu. Kwa hiyo mstari wowote unaolisoma ombi baada ya kulikabidhi na kukubaliwa, hata kama unasoma ukubwa wake tu ili kuongeza takwimu, ni kosa linalosubiri siku yake. Tafuta mistari ya aina hiyo katika ile 38. Hupenda kujificha kwenye takwimu na kwenye ujumbe wa kumbukumbu za matukio, kwa sababu mwandishi anaiona kama mapambo.

Kisha ufuate ombi lililokataliwa. Draiva yenu imeliachaje? Kama ilikwishaandaa jedwali, imelifuta kabla ya kurudisha jibu, au imeliacha? Saa ya kungojea imeanza kuhesabu? Kwa SCSI muda wa kawaida ni sekunde 30; ombi ambalo saa yake ilianzishwa kisha likarudi kukaa kwenye foleni linaweza kutangazwa kwamba limechelewa hali halijawahi kufika kwenye kifaa. Na swali hili usilisahau hata kidogo: nani atakayeiamsha foleni? Kwa kawaida foleni huamshwa na ombi linapomalizika, kwa sababu nafasi imepatikana. Fikiria kifaa kimejibu kimejaa. Kabla hamjalirudisha ombi kwenye foleni, maombi yote yaliyokuwa kwenye kifaa yanamalizika, foleni inaamshwa, inakutwa tupu, inalala tena. Sasa ndipo mnaliweka ombi lenu. Hakuna kilichobaki njiani ambacho kitamalizika na kuiamsha. Ombi litakaa hapo mpaka lije jingine, na katika mashine ya kamera usiku wa manane huenda likaja baada ya sekunde moja na mtu asijue, au lisije, programu ikasimama ikisubiri.

Kuna na la haki. "Kifaa hakina kazi" na "foleni ni tupu" ni habari mbili tofauti. Kiraka kikitazama kifaa tu, ombi jipya linaweza kuyapita yaliyotangulia kila mara nafasi moja inapopatikana, na ya zamani yakachakaa foleni. Wapangaji wa Linux wanalijali jambo hili sana: mq-deadline, kwa mipangilio yake ya kawaida, inalipa ombi la kusoma nusu sekunde na la kuandika sekunde 5 kabla ya kulitanguliza. Lakini usiende na hoja kwamba mpangilio wa data utavurugika kwa sababu tu ombi limepita jingine. Linux haiahidi mfuatano kati ya maombi yaliyo safarini kwa pamoja. Vizuizi vya zamani vya mfuatano viliondolewa tangu 2.6.37, na mfumo wa faili wenyewe ndio unaosubiri jibu kabla ya kutuma linalofuata. Ukilileta hilo kaka yako atakujibu kwa sentensi moja na utapoteza nguvu kwa hoja zilizo nzito. Linalokuhusu ni ombi la kumwaga akiba ya kifaa kwenye hifadhi ya kudumu: lisijibiwe kwamba limekwisha kabla halijakwisha, na alama ya REQ_FUA isipotee njiani.

Tazama vilevile majibu ya draiva. Ni matatu: nimekubali, nimejaa, nimeshindwa. Viraka vingi vya njia ya mkato huyafanya mawili, kana kwamba kisichokubaliwa ni cha kurudishwa tu. Ombi lililoshindwa likirudishwa kwenye foleni, litakwenda na kurudi bila mwisho. Na "nimejaa" ikipandishwa juu kama kosa, mfumo wa faili unaweza kujifunga usiandikwe tena, na mteja wenu atapiga simu kusema kamera zimeacha kurekodi.

Nikwambie kisa changu, kwa sababu bado kinaniuma. Miaka ya nyuma, katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, nilipitisha kiraka kifupi kwenye njia ya kuandika. Kiliomba kipande kidogo cha kumbukumbu kwa ajili ya kila ombi, kwa alama ya kawaida ya GFP_KERNEL. Nilikisoma, nikakielewa, nikaweka jina. Mashine zetu za majaribio zilikuwa na kumbukumbu tele na zilipita majaribio yote. Kwenye mashine ndogo ya mteja, usiku wakati wa kunakili data, kumbukumbu ilijaa. Kerneli ikaamua kupata nafasi kwa kuandika kurasa chafu kwenye diski. Kuandika kukahitaji ombi. Ombi likahitaji kumbukumbu. Kumbukumbu ikasubiri ombi. Mashine haikuanguka, ilisimama tu, ikiitikia mtandao na kutoandika chochote, na baada ya sekunde 120 kerneli ikaanza kutoa ujumbe kwamba kuna kazi zimekwama. Waliopoteza data ya usiku ule walikuwa watu wengine, siyo mimi wala mwandishi wa kiraka. Katika njia ya maombi, kumbukumbu inaombwa kwa GFP_NOIO, na ile isiyoweza kukosekana inawekwa akiba mapema. Mwandishi hakulijua hilo. Mimi nililijua, na sikuuliza, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na kiraka kilikuwa kifupi.

Kuhusu majaribio nitakuwa mfupi. Kaka yako amepima kasi kwenye njia ya heri, kifaa kikiwa hakina kazi. Muulize: katika upimaji huo, draiva ilijibu mara ngapi kwamba imejaa? Aongeze kihesabu na aurudie. Kikisoma sifuri, nusu ya kiraka chake haijawahi kufanya kazi hata mara moja. Kisha mbane kifaa kiwe na nafasi 1 au 2 tu, mkipelekee maombi mengi madogo yanayopakana, na mtumie fio kwa namna inayoandika data yenye alama za uhakiki na kuisoma tena kuilinganisha. Kipimo cha kasi hakisomi yaliyomo. Kasi inaweza kuwa nzuri sana kwa data iliyooza. Washeni KASAN na lockdep kwenye kerneli ya majaribio, na tumieni uwezo wa Linux wa kuyafelisha maombi kwa makusudi. Mkifanya haya siku mbili mtakuwa mmejua mengi kuliko kusoma mwezi.

Sasa lile lililokusukuma kuniandikia. Uliuliza utakuwa umeahidi nini. Katika miradi ya Linux, anayeweka jina lake kama mhakiki anatamka kwamba amekichunguza kiraka, kwamba mashaka aliyokuwa nayo ameyapeleka kwa mwandishi na ameridhika na majibu, na kwamba kwa kadiri anavyojua hakina kasoro inayokizuia kuingia. Hatoi dhamana kwamba kitafanya kazi kila mahali. Liangalie hilo vizuri. Hakuna panapokutaka uwe hodari kuliko mwandishi. Panakutaka uwe umeyasema mashaka yako. Wewe unayo na hujayasema, kwa hiyo leo huwezi kuweka jina, na si suala la heshima wala utovu wa heshima.

Mwendee kabla hujaandika chochote kwenye mfumo wenu wa ukaguzi. Yeye ni mkubwa wako, na neno la kwanza la shaka asilisome pamoja na ofisi nzima. Nenda na karatasi yako ya mchoro. Usimwambie "kiraka kina kosa", maana hujui kama kinalo. Mwambie ulipokwama: "Kaka, nimelifuata ombi mpaka hapa linapokataliwa. Likirudi kwenye foleni na jingine likaunganishwa nalo, jedwali la draiva linajengwa upya wapi? Nimelitafuta sijaliona." Ni swali la mwanafunzi kwa mwalimu, na ni swali la kweli. Ama ataonyesha mahali, nawe utakuwa umejifunza. Ama atanyamaza, na kama ni mwalimu ninayemdhani, atavuta kiti.

Akionyesha mahali, mwombe jibu hilo aliandike: mistari miwili ya maelezo ndani ya msimbo, na aya moja kwenye maelezo ya kiraka. Atakayeugusa msimbo huo baada ya miaka mitatu hatawakuta nyote wawili hapo. Asipopaona, tiba ya 2018 haikuwa kubwa: ombi lililokwisha kukataliwa lisiunganishwe tena na lingine, basi. Mapendekezo haya mpelekee pamoja na ombi la kukigawa kiraka, kimoja cha kupeleka moja kwa moja, kingine cha kushughulikia kukataliwa, ili cha pili kipate macho yake chenyewe. Kisha, mkishazungumza, yaandike maswali na majibu kwenye mfumo wa ukaguzi, kwa jina lako.

Akiwa na haraka ya Ijumaa, mwambie wazi kwamba utaweka jina siku kihesabu kitakaposoma zaidi ya sifuri na data ikasomeka ilivyoandikwa. Kama ofisi inataka kuendelea bila jina lako, hiyo ni haki ya ofisi. Jina ni lako.

Na jambo la mwisho, ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba kerneli yenu ni 4.19, hukunipa namba inayofuata. Tiba ya lile kosa iliingia katika 4.19.8, Desemba 2018, na toleo zima la 4.19 liliacha kuhudumiwa Desemba 2024. Kabla hujamwendea kaka yako, ingia kwenye mashine mojawapo mliyokwisha kuiuza, andika uname -r, usome namba ya tatu. Ikiwa ni ndogo kuliko 8, kiacheni hicho kiraka mezani, mwanze na hilo leo.